MREJESHO: Tuzo ya hifadhi ya udongo, tumeshika nafasi ya pili

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa jinsi kikundi chetu kinavyopaswa kujaza fomu ya tuzo ya wilaya. Asanteni sana, mmetufikisha mbali.

Kilichotubeba ni ushauri wa kuandika vipimo badala ya sifa: mita 640 za fanya juu (mtaro na tuta vinavyokata mteremko kuzuia mmomonyoko), mtaro sm 60 kwa 60, udongo umetupwa upande wa juu, matete yameshika tuta. Waamuzi walikuja na fremu A (kifaa chenye umbo la A cha kupimia usawa wa mtaro) wakapima wenyewe.

Picha za kabla na baada ya kazi ndizo zilizotuangusha. Ya kwanza ilipigwa kiangazi, ya pili masika. Wakazikataa, maana kijani cha mvua si ushahidi. Pigeni mwezi uleule, mmesimama kwenye jiwe lilelile. Muhtasari wa mkutano wa kijiji nao uambatane na mahudhurio yenye sahihi, wetu ulirudishwa.