Tupeane uzoefu: vyuma vinavyosuguana karibu na antena

Assalaam aleykum. Naanza mimi, fundi wa redio za vyombo vya baharini hapa Mkoani. Wakati wa kusi niliitwa kwenye boti ya mbao ambayo redio koli yake ilisikika safi bandarini, lakini ikikwaruza kila ilipokutana na mawimbi. Nilibadilisha kebo ya antena, kisha plagi, na mwenye boti akavilipia vyote bila ya faida, jambo linalonitia haya hadi leo. Baharia mmoja kijana ndiye aliyetambua kwamba kelele inakwenda sambamba na mnyororo mfupi wa ukingoni, uliotundikwa kwenye pete yenye kutu, hatua moja tu kutoka kwenye antena. Aliukamata kwa mkono, na redio ikanyamaza.

Chuma chochote kilicho karibu na antena hupokea mawimbi yale yale na kupitisha umeme mdogo. Vyuma viwili vikigusana na kuachana, njia ya umeme huo hukatika na kuunganika, na huko kukatika ndiko tunakokusikia. Kutu huzidisha balaa, kwani utando wake hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, na hapo huzaliwa masafa ambayo hakuna aliyeyarusha. Kwa chombo kinachotegemea chaneli 16 kuomba msaada, si jambo la kupuuza.

Nyinyi wenzangu yamekukuteni yapi?

*Kutoka Wete:* Waaleykum salaam. Yetu yalikuwa ya nchi kavu. Kaskazi ikivuma, taarifa ya habari ya saa mbili usiku haisikiki, nasi tukimlaumu jirani na mashine yake ya kuchomelea. Kumbe ni bati la paa letu wenyewe, lililong'oka msumari na kusugua mguu wa mlingoti wa antena. Jirani tulimwomba radhi.

*Kutoka Malindi, Unguja:* Mimi mnyororo kama huo huutenga na pete kwa kuzungushia mpira wa baiskeli, kwa sababu ubaya uko katika kugusana nusu nusu.

*Fundi wa Mkoani:* Mpira niliujaribu, ndugu yangu, ukachakaa kwa msuguano kabla msimu haujaisha. Siku hizi napiga msasa hadi chuma king'are, nafunga waya wa shaba wa kusuka kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye pete, kisha napaka grisi juu yake. Boti ile bado haijanirudia.