Kamari mlangoni mwa shule: leseni yatoka juu, kaunti yala ada, mkazi haulizwi

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima, ingawa naandika nikiwa na hasira ambayo sina nia ya kuificha.

Katika mtaa wetu, kwenye mji mmoja wa Pwani ya Kenya, kulikuwa na chumba cha fundi cherehani kando ya barabara inayokwenda shule ya msingi. Fundi alihama baada ya kodi kupandishwa, na chumba kikakaa kimefungwa kwa majuma matatu. Jumatatu moja tuliamka tukakikuta kimepakwa rangi nyekundu, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi, na ndani zimepangwa mashine kumi na moja za kamari, zile ambazo watu wengi huziita mashine za Wachina. Kutoka lango la shule hadi kizingiti cha chumba hicho ni hatua mia moja na arobaini. Nimezihesabu mwenyewe mara mbili, kwenda na kurudi. Hakuna mzazi aliyeulizwa, wala mwalimu mkuu, wala imamu wa msikiti ulio nyuma yake, wala mchungaji. Jina la kampuni, la ofisi iliyotoa karatasi na la mtaa wetu sitayataja, kwa sababu tumekwisha kupeleka malalamiko rasmi na nataka yasikilizwe kwa utaratibu wake.

Nilichokiona humo ndani ndicho kilichoniondolea subira. Niliingia saa tisa na nusu alasiri kumtafuta kijana wa jirani yangu, mtoto wa Gredi ya Sita, ambaye mama yake alikuwa amemtuma kusaga mahindi. Nilimkuta amesimama juu ya kreti ya soda ili aifikie mashine, sweta ya shule ameivaa ndani nje ili nembo isionekane, na ndoo ya mahindi iko miguuni pake, mahindi mazima, hayajasagwa. Sarafu za shilingi ishirini alizopewa za kusagia zilikuwa zimekwisha. Alipogeuka kuniona hakukimbia. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha akaniomba shilingi ishirini, akanieleza kwa upole kabisa kwamba mashine ile ilikuwa imebakisha kidogo tu kutema. Kijana anayelinda chumba alikuwa ameketi kando yake akihesabu sarafu, na nilipomwuliza kwa nini amemruhusu mtoto kuingia, alinijibu kwamba kazi yake ni kuvunja noti, umri haumhusu. Muuza mbaazi na mahamri aliye nje ya lango la shule ameniambia kwamba siku hizi anakosa chenji kuanzia asubuhi, kwa kuwa sarafu zote za ishirini za mtaa huu humezwa na chumba kile.

Tuliitisha baraza. Wakazi walijaa chini ya mkwaju kuliko nilivyopata kuona katika baraza lolote la usalama, na kwa mara ya kwanza imamu na mchungaji walizungumza jambo moja bila kupishana. Chifu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba anaelewa uchungu wetu lakini mikono yake imefungwa, maana mwenye chumba ana leseni iliyotoka juu. Mwakilishi wa wadi akasema hivyo hivyo. Tukaenda kwenye ofisi ya kaunti, na huko afisa mmoja akatufungulia faili na kutuonyesha kwamba ada ya kibali cha biashara imelipwa kikamilifu. Tulipomwuliza kama kabla ya kupokea ada hiyo walitazama shule iko wapi, alitujibu kwamba wao hukagua choo na kizima-moto. Akaongeza kwamba suala la kamari yenyewe ni la serikali ya taifa. Wanajamvi, naomba msome jibu hilo tena. Ofisi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni hapo inazo nguvu za kuhakikisha kwamba mcheza kamari ana mahali pa kwenda haja, lakini haina nguvu za kusema kwamba kamari isichezwe mlangoni mwa watoto.

Basi nikaichukua Katiba ya 2010 nikaisoma mwenyewe, kwa kuwa nilichoka kuambiwa. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inayoorodhesha kazi za kaunti, katika aya ya nne inataja burudani na huduma za umma, na kitu cha kwanza kabisa chini ya aya hiyo ni ubashiri, kasino na aina nyinginezo za kamari. Utoaji wa leseni za vileo umo katika aya hiyo hiyo, mistari miwili tu chini yake. Katika sehemu ya kwanza, ile ya kazi za serikali ya taifa, kipengele cha 34 kinataja kamari ya kitaifa. Kwa hiyo walioandika Katiba hawakusahau, wala hawakuiacha kamari yote Nairobi: waligawa. Na Kifungu cha 174 kinasema wazi kwamba mojawapo ya malengo ya ugatuzi ni kutambua haki ya jamii kusimamia mambo yao wenyewe.

Sasa tulinganishe na pombe, maana ni ndugu wawili walioandikwa katika aya moja. (Sisi Waislamu hatukuhitaji Katiba kutuambia kwamba ni ndugu, Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imevitaja ulevi na kamari kwa pumzi moja. Lakini simlazimishi mtu dini yangu, nazungumza sheria ya nchi.) Anayetaka kufungua baa hupeleka ombi kwa kamati iliyo karibu na wananchi, ombi hilo hutangazwa hadharani, na mkazi ana haki ya kuweka pingamizi na kusikilizwa kabla ya leseni kutolewa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilikwenda mbali zaidi ikaweka umbali wa mita 300 kutoka shule za watoto. Najua kwamba baa nyingi hukiuka sheria hiyo, lakini angalau mzazi ana kifungu cha kukishika mkononi anapokwenda kulalamika. Mzazi mwenzake anayelalamikia chumba cha mashine anaonyeshwa leseni iliyotiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa ukutani, kama cheti cha kuhitimu, kisha anaambiwa aende zake.

Mzizi wa tatizo hili ni wa zamani. Sheria ya kamari tuliyoishi nayo kwa karibu miaka sitini, Sura ya 131, ilitungwa mwaka 1966, wakati ambapo nchi hii haikuwa na gavana wala bunge la kaunti, na kila kitu kilichokuwa na thamani kiliamuliwa mjini Nairobi. Katiba ilipobadilika mwaka 2010, mazoea hayakubadilika pamoja nayo. Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari ilitiwa saini na Rais tarehe 7 Agosti 2025, ikaunda mamlaka mpya ya taifa ya kusimamia sekta hii. Sipingi kuwapo kwa mamlaka hiyo. Ninachosema ni kwamba sheria ya Bunge haiwezi kulifuta Jedwali la Katiba, na kwamba sheria mpya isiwe kisingizio kipya cha kaunti kunawa mikono.

Kuna atakayeniambia kwamba kamari ya siku hizi iko kwenye simu, na kwamba kukifunga chumba kimoja mtaani ni sawa na kuzuia mvua kwa kiganja. Nakubaliana naye nusu. Kamari ya simu, mchezo wa ndege unaopaa na kuanguka, mikeka ya mpira inayolipiwa kwa pesa za simu, hiyo kweli haina wadi wala kaunti, na ndiyo hasa naiona kuwa kamari ya kitaifa inayotajwa katika kipengele cha 34. Nairobi na ishughulike nayo, na iwajibike kwa madhara yake. Lakini mashine iliyokaa kwenye sakafu ya chumba cha fundi cherehani, ndani ya ploti inayojulikana, kwenye kichochoro chenye jina, ina utaifa gani? Anayekula hasara yake ni mtoto wa mtaa huu, na kelele zake zinasikika katika darsa ya msikiti huu. Jambo kama hilo likiitwa la kitaifa, basi hakuna jambo litakalobaki kuwa la kaunti, na ugatuzi utakuwa ni majengo na magari tu.

Nina sababu ya kushuku kwamba kinachoiongoza serikali kuu katika jambo hili ni mapato zaidi ya watu. Tazameni jinsi ushuru wa ubashiri ulivyopanda na kushuka: mwaka 2019 uliwekwa asilimia 10 ya dau, mwaka uliofuata ukaondolewa, mwaka 2021 ukarudishwa kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa asilimia 12.5, mwishoni mwa 2024 ukafika asilimia 15, halafu Sheria ya Fedha ya 2025 ikaushusha hadi asilimia 5 ya pesa zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji. Katika mabishano yote hayo, hoja kubwa niliyoisikia ilikuwa ni hazina itapata kiasi gani na kampuni zitastahimili kiasi gani. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, hatua niliyoifurahia. Lakini chumba chetu hakikuwahi kuhitaji tangazo, kwa sababu mlango wake ndio tangazo, na watoto hupita mbele yake mara mbili kwa siku.

Wala serikali kuu isituambie kwamba haina uwezo. Mwaka 2018 maafisa wa utawala walizikamata mashine hizi katika sehemu nyingi za nchi na kuziteketeza hadharani. Mwaka 2019 kampuni kubwa za ubashiri, zaidi ya ishirini, zilinyimwa leseni kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo nguvu zipo zinapotakiwa kutumika. Lakini nguvu za namna hiyo huja kama mafuriko na kuondoka kama mafuriko: moto wa 2018 ulizimika, waziri akabadilika, mashine zikarudi, na sisi tulioshangilia siku ile hatukuwa tumeachiwa hata karatasi moja ya kutuwezesha kuzikataa zinaporudi. Amri ya waziri hufuata upepo wa kisiasa. Haki ya mkazi ya kusema hapana, ikiandikwa katika sheria ya kaunti, hubaki mahali pake hata anayekalia kiti akiondoka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohama kutoka Nairobi na kuielekea kaunti yetu wenyewe. Serikali kuu angalau inasema wazi kwamba inataka kusimamia. Kaunti inajificha. Imepewa kazi hii na Katiba, ina bunge lenye uwezo wa kutunga sheria, ina wanasheria inaowalipa mishahara kwa kodi zetu, na kwa miaka yote hii haijatuletea hata mswada mmoja unaosema chumba cha kamari kikae umbali gani kutoka shule, nani aulizwe kabla, na nani ana uwezo wa kukifunga. Ada imepokea. Risiti imetoa. Inapofika zamu ya kubeba lawama, ndipo inapokumbuka kwamba kuna serikali ya taifa.

Tuliambiwa pia habari za ajira. Chumba hicho kimeajiri kijana mmoja, na fundi cherehani aliyehama alikuwa na wasaidizi wawili na mwanafunzi mmoja wa kazi. Sina zaidi la kusema kuhusu hoja hiyo.

Tunachodai si kikubwa. Tunataka kaunti itunge sheria inayoiweka kamari ya mitaani katika utaratibu ule ule wa vileo: ombi litangazwe katika ofisi ya chifu na katika wadi, wakazi wapewe muda wa kuweka pingamizi, kamati isikilize hadharani na itoe uamuzi kwa maandishi wenye sababu, na umbali kutoka shule usiwe pungufu ya ule wa baa. Tunataka leseni yoyote ya taifa inayohusu chumba halisi, chenye mlango na paa, isiwe na nguvu mpaka uamuzi huo utolewe. Na tunataka kibali kilichokwisha kutolewa mtaani kwetu kisitishwe mara moja, bila kungoja mswada, kwa kuwa mtoto niliyemkuta juu ya kreti hangoji mswada.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na tumeitumia. Tumekusanya saini 312 kwa siku nne, nyumba kwa nyumba, na karani ameupokea waraka wetu na kuupiga muhuri. Nakala yenye muhuri ninayo. Tumeahidiwa kusikilizwa na kamati Jumatano ya juma lijalo, na tumeambiwa tutapewa dakika kumi. Mwalimu mkuu atakuja na daftari la mahudhurio ya wanafunzi wa alasiri. Mama yake yule kijana, ambaye mwanzoni aliona aibu hata kutia saini, amekubali kuja kusema mwenyewe.

Kwa hiyo naomba msaada mmoja kwa walio katika kaunti nyingine. Kama wadi yenu imewahi kukifunga chumba cha aina hii kwa uamuzi wa wakazi, au bunge la kaunti yenu limewahi kupitisha sheria inayogusa umbali na pingamizi, tafadhali elezeni hapa hatua mlizofuata na jina la sheria yenyewe, tuweze kuichapisha na kuingia nayo kwenye kikao kile Jumatano.