Jina lililo juu ya bunduki ya zamani ya Kijerumani: ni la fundi au la muuzaji?

Swali
Habari zenu, ndugu. Marehemu babu wa mke wangu, hapa Thüringen, Ujerumani, ametuachia bunduki ya kuwindia yenye mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa risasi chini yake, nayo imekwisha kuandikishwa katika kibali cha mke wangu. Kwenye ukanda unaounganisha mitutu ya juu pamechorwa kwa dhahabu jina la mtu na la mji wa Königsberg. Nilipoikunja nikakuta chini ya mitutu maneno "Fluss-Stahl Krupp Essen", taji dogo juu ya kila moja ya herufi B, U, G, S na W, pamoja na tarakimu 172,28. Je, ilitengenezwa Königsberg, au aliyeitengeneza ni Krupp?

Jibu la kwanza
Poleni kwa msiba, ndugu. Krupp muondoe kabisa, kwani chapa hiyo inataja chuma cha mitutu tu, kilichotoka kiwanda cha Krupp, na wengi hupotea hapohapo. Jina la dhahabu nalo huenda ni la mwenye duka, kwa sababu wauzaji wa miji mingi waliagiza bunduki kutoka karakana za Suhl na Zella-Mehlis, miji ya mafundi bunduki huko Thüringen, kisha zikachorwa majina yao. Mataji ni mihuri ya sheria ya Ujerumani ya ukaguzi wa bunduki ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika 1893: U ni kukaguliwa, B kujaribiwa kwa kufyatuliwa, G mtutu wenye michirizi, S mtutu wa marisau, W mtutu uliobanwa mdomoni. Kuanzia Aprili 1940 taji lilimpisha tai, kwa hiyo bunduki yenu ni ya kabla ya hapo.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu 172,28, ambayo si tarehe wala namba ya bunduki. Ni idadi ya gololi za madini ya risasi, kila moja ikienea ndani ya mtutu, zinazotimiza ratili moja. Kwa milimita, upana wa tundu la mtutu bila kina cha michirizi ni 7.62, kipimo kinachoonekana mara nyingi kwenye mitutu ya 8x57, aina ya risasi za bunduki za Kijerumani. Lakini tafadhali usiifyatue, kwa kuwa 8x57 ya zamani ina risasi ya takriban milimita 8.1 na ile iitwayo 8x57 S (S hii si ile ya muhuri wa marisau) ina 8.2, na tofauti hiyo ndogo inaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi. Tena hukutaja N yenye taji, muhuri wa jaribio la baruti isiyo na moshi. Mpelekee fundi bunduki achukue umbo la chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, na mwombe afungue mbao ya mbele, maana mafundi wenyewe walificha chapa zao humo.

Mwuliza swali
Nashukuruni sana. Fundi ameifungua leo mbele yangu, na pembeni mwa namba ya bunduki, chini ya mafuta yaliyoganda, zimeonekana herufi mbili ndogo, H na S, ambazo hazifanani na jina la dhahabu.

Jibu la pili
Herufi za mahali hapo mara nyingi ni za fundi wa mitutu, si za aliyeiunganisha bunduki nzima. Piga picha iliyo karibu, mwanga ukitokea ubavuni, ili tuzilinganishe na chapa za mafundi wa Suhl.