Mafuta ya kakao yanafanya chengachenga

Duka_Sakina: Wakuu, natengeneza mafuta ya kupaka mwilini: nachanganya siagi ya kakao gramu 40, siagi ya shea gramu 30, mafuta ya alizeti gramu 30. Nayeyusha juu ya maji ya moto, kikibaki kipande kidogo kisichoyeyuka nazima, namimina kwenye kopo, yanapoa mezani usiku kucha. Wiki ya pili yana chengachenga. Halafu mzigo wa Februari ulilainika Moshi, na huu wa Julai hapa Arusha kidole hakizami. Nakosea wapi?

Mkorogaji: Hicho kipande, na huko kupoa polepole. Ndani ya kakao na shea kuna mafuta yanayoganda kwa joto tofauti. Yakipoa taratibu, yale magumu hutangulia na kujikusanya. Mara nyingi mkosaji ni shea kuliko kakao. Yeyusha yote, pandisha hadi nyuzi 70–75, shikilia dakika 20 kwa kipimajoto (macho hayatoshi). Kisha weka bakuli kwenye beseni la maji ya barafu, koroga bila kuacha, ukisugua kingo, hadi yawe na ukungu na uzito wa uji mwepesi. Mimina hapo hapo, weka kwenye friji nusu saa. Yaliyokwisha kufanya chenga hayajaharibika, yayeyushe upya.

Nta_na_Asali: Dada, hesabu moja haitatosha miji miwili. Kakao huyeyuka nyuzi 34–38, chini ya hapo ni kipande cha sabuni. Arusha ya Julai: kakao 25, shea 30, alizeti 45. Moshi ya Februari: kakao 35, shea 15, alizeti 40, nta ya nyuki 10. Nta iyeyushe kwanza, inahitaji nyuzi 62 na zaidi. Ukizidisha, yatanata mwilini.

Mkorogaji: Na tone la barafu lisiingie bakulini! Maji yakiingia, kuvu inafuata. Vitamini E gramu 0.5 kwa kila 100 huchelewesha alizeti kuchacha, ila kuvu haiizuii. Itie yakishapoa kidogo. Kwenye lebo usiandike "huzuia michirizi ya ujauzito": losheni ya kakao ilipopimwa dhidi ya losheni isiyo na kakao, haikuonyesha tofauti.

Duka_Sakina: Asanteni. Badala ya alizeti nikitia nazi?

Nta_na_Asali: Nazi huyeyuka nyuzi 24 hivi. Arusha asubuhi jiwe, Moshi mchana maji. Baki na alizeti.