Mrejesho: Helios 44-2 kwa picha za watu safarini

Wakuu, niliuliza kama lenzi ya zamani ya Kisovieti, Helios 44-2 ya 58mm, inafaa kupigia picha za watu safarini nikiifunga kwenye kamera ya kisasa ya kidijitali. Inafaa, tena sana.

Adapta ya M42, yaani pete ya kuunganisha lenzi hii ya skrubu na kamera, imekaa vizuri. Kamera iligoma kupiga hadi nilipowasha mpangilio wa kupiga bila lenzi, kwa kuwa haiitambui. Fokasi ni ya mkono, na kwenye f/2, uwazi mkubwa kabisa wa lenzi hii, mtu akiinama kidogo tu, jicho limeshatoka kwenye fokasi. Nikahamia f/2.8, nakuza picha kwenye skrini huku namwongelesha. Kumbe upole huo unamtuliza mtu, uso unalegea wenyewe. Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Ule mzunguko wa mandharinyuma, yaani ukungu wa nyuma kuonekana kama unamzunguka mtu, hutokea kwenye f/2, majani yakiwa mita kadhaa nyuma ya mtu. Kwenye kihisi kidogo cha kamera, kile cha APS-C, hupungua, maana kingo za picha zinakatwa. Jua likiingia kwenye lenzi, rangi hufifia. Kiganja kama kivuli kinasaidia.

Aliyenishauri nimulike ndani ya lenzi kwa tochi kutafuta fangasi kabla ya kulipa, asante sana.