Mrejesho: Kusomea kilimo cha bustani na ajira zake

Wakuu, niliuliza kama kusomea mboga, matunda na maua kunalipa nje ya ajira ya serikali. Shukrani kwa waliojibu. Huu ndio mrejesho.

SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wana shahada, chuo cha Tengeru, Arusha, wana stashahada. Kazi zipo kwenye mashamba ya maua Arusha na Naivasha, kampuni za mbegu, umwagiliaji wa matone na ukaguzi wa ubora wa parachichi za kuuza nje. Ila kinachomfungulia mtu mlango mapema, naamini kabisa, ni ujuzi wa mkono, hasa kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti) cha aina bora juu ya mche wa kienyeji.

Kwa parachichi, mche wa kienyeji ukifikia unene wa penseli, ukate sentimita 20 hivi kutoka kwenye udongo, kisha upasue katikati sentimita 3. Kikonyo cha Hass, aina ya parachichi ya kuuza nje, kiwe na urefu wa sentimita 10 na macho yaliyovimba bila kufunguka. Kichonge kama kabari, kichomeke, ganda la upande mmoja likutane sawasawa na ganda la mche, halafu funga kwa utepe wa nailoni na kuvika kifuko. Vikonyo hufa kwa sababu kisu ni butu, kidonda kimekauka au maganda hayakukutana. Kikichipua, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne, ondoa kifuko jioni, si jua kali.

Na maji yasituame kwenye viriba: mizizi ya parachichi huoza upesi.

Anayesoma sasa aombe mafunzo kwa vitendo kitaluni, si ofisini.