Namna ya kumtembeza mtoto wa mbwa mtaani bila kuwaudhi majirani: naomba ushauri

Mgeni wa Makorora

Ndugu zangu, nawasalimu. Nilihamia Tanga mwaka jana kikazi nikitokea Iringa, na nimepanga Makorora. Miezi miwili iliyopita nilipewa mtoto wa mbwa jike ambaye sasa ana umri wa miezi 4, na watoto wa mwenye nyumba wamempa jina la Kashata kwa sababu ya rangi yake. Kila asubuhi na jioni ninamtembeza nikiwa nimemfunga kamba, kwa kuwa sitaki akue kama mbwa wengi wa ulinzi, wanaofungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku wakiwa wakali kwa kila kiumbe.

Shida ni hao tunaokutana nao njiani. Tukipita karibu na madrasa wakati watoto wanatoka, nusu yao hukimbia wakipiga mayowe, naye Kashata, akidhani anaitwa kucheza, huvuta kamba awafuate. Wachache huokota mawe. Baiskeli nazo, ambazo katika mji huu ni nyingi kuliko nilivyozoea, humpagawisha, kwani kila gurudumu likipita hutaka kulidaka, na wiki iliyopita kijana aliyekuwa amebeba mikate nusura aanguke. Karibu na jalala wapo pia mbwa koko 3 wanaotufuata kwa nyuma.

Lakini linaloninyima usingizi ni jambo moja. Jioni moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mzee jirani yangu alikuwa akitoka kwake kwenda msikitini kuswali magharibi, amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Nilikuwa nasalimiana na mtu mwingine, kamba ikalegea mkononi, na Kashata akamrukia. Alimwachia alama mbili za tope chini kidogo ya goti na ute kwenye pindo la kanzu. Mzee hakunitukana wala hakuinua bakora yake. Aliitazama kanzu, akanitazama, akasema, "Haya," akageuka na kurudi ndani. Nilisikia iqama, mwito wa kuanza swala, ikisomwa naye bado hajatoka. Tangu siku hiyo napita njia nyingine. Mimi si Mwislamu, na sielewi vya kutosha nimemkosea kiasi gani wala namna ya kuomba radhi. Naomba mnielekeze.

Bibi wa Pangani

Mwanangu, marahaba kwa salamu yako, na nashukuru kwamba umeuliza. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa madhehebu hayo ute wa mbwa ni najisi nzito: kitu kilichoguswa na ute huo huoshwa mara 7, na mara moja kati ya hizo ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mzee hakuweza kuikung'uta kanzu yake na kuendelea na safari. Ilimbidi aivue, ajisafishe, atafute nyingine, na wakati huo jamaa wameshaingia kwenye swala. Aliporudi ndani hakuwa amekununia. Hakuwa na njia nyingine.

Kuna jambo dogo ambalo wenye mbwa wengi hawalijui. Mbwa mkavu akimgusa mtu mkavu, najisi haihami. Kinachohamisha ni unyevu. Kwa hiyo usimtoe mara tu baada ya mvua, wala asubuhi mapema majani yakiwa bado na umande, na kama ni lazima umtoe, mfute kwanza kwa kitambaa chake mwenyewe. Adhana ya magharibi ikikaribia, uwe umesharudi nyumbani. Na ukimwona mtu amevaa kanzu au bibi amejitanda, vuka upande wa pili wa barabara kabla yeye hajalazimika kuvuka; ataiona heshima hiyo hata kama hatakuambia.

Usiendelee kupita njia nyingine, kwa sababu mzee atadhani unamkwepa. Nenda kwake baada ya alasiri, bila mbwa, piga hodi, mwamkie, umweleze kwamba hukukusudia. Usimpe fedha ya sabuni, kwa maana utaonekana umemlipa. Kilo ya sukari inatosha, na ukienda mikono mitupu pia si vibaya. Wala usidhani kwamba dini yetu inawachukia mbwa. Tumefundishwa tangu utotoni habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Naunga mkono yote aliyoyasema Bibi, na mimi nitaongeza la afya. Kabla ya jambo lolote, hakikisha chanjo zimekamilika. Chanjo ya mchanganyiko, inayomkinga na magonjwa ya parvo na distempa, huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Kama bado dozi ya mwisho, usimpitishe karibu na jalala hata kidogo, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi mingi. Kadi yake ya chanjo itunze vizuri. Siku jirani atakapokuuliza, na ana haki ya kuuliza, utamwonyesha.

Kuhusu watoto wa madrasa, ningekuwa wewe ningeomba ruhusa ya ustadhi wao niwafundishe jambo moja tu: mbwa akiwasogelea, wasimame kama mti, mikono kifuani, macho chini. Anayekimbia hugeuka kuwa mchezo, na meno ya mtoto wa mbwa ni makali kama sindano. Wafundishwe pia kwamba mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha huoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo ikitolewa mapema inakizuia. Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu bado wapo wanaopaka jeraha mafuta ya taa na kukaa nyumbani.

Baiskeli zina dawa nyepesi. Beba dagaa wakavu mfukoni. Simama mbali na barabara, mahali ambapo Kashata anaiona baiskeli bila kuvuta kamba, na kila akigeuza uso kukutazama wewe, mpe dagaa mmoja. Baada ya siku kadhaa sogea hatua chache. Usimpige, kwani akipigwa kila baiskeli inapopita ataziogopa baiskeli, na woga huo ndio unaozaa ukali.

Mkazi wa Chuda

Nizungumzie mbwa koko tu. Najua wengi hapa tumezoea kuinama kama mtu anayeokota jiwe, na ni kweli koko hurudi nyuma mara moja, lakini mtoto wako wa mbwa naye anaona, na kesho ataogopa kila mtu anayeinama kufunga kamba za viatu. Mimi husimama, humweka wangu nyuma ya miguu yangu, nikawakabili wale wengine bila kuwakodolea macho, kisha naondoka polepole. Wakiona hukimbii wanachoka. Njia ya Raskazone asubuhi ni tulivu zaidi, ina vivuli, ingawa kutoka Makorora ni mbali kidogo.

Mgeni wa Makorora

Nawashukuru sana. Nimekwenda kwa mzee leo baada ya alasiri. Alinikaribisha barazani, akaniuliza kwanza habari za Iringa na baridi yake, na nilipoanza kuomba radhi alinikatiza akasema kanzu ilishafuliwa. Kisha akaniuliza jina la mbwa. Nilipomwambia alikaa kimya kidogo, akasema hilo ni jina la kitu kizuri, na akaniomba nisibadilishe njia, ila nimpitishe upande ule wa mwembe.

Kadi nimeikagua: bado dozi moja ya mchanganyiko, na tutakwenda Jumatatu. Ustadhi amenikubalia niende Jumamosi. Nina swali moja la mwisho kwa daktari: wajukuu wawili wa mzee, wa miaka 8 na 10, wanataka kushika kamba. Niwaruhusu?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Muulize babu yao kwanza. Akikubali, funga kamba mbili kwenye mkanda wa shingoni: moja washike wao, ya pili ibaki mkononi mwako, na usiizungushe kiganjani.